Kufunga kamera za ulinzi upenuni: mwongozo kamili kwa anayetaka kuona sura usiku

Simu ninazopigiwa kuhusu kamera za nje karibu zote zina lalamiko moja: "Fundi, mchana naona hadi kuku wa jirani, lakini giza likiingia picha inakuwa nyeupe tupu." Nikifika naikuta kamera nzuri, imebanwa juu kabisa, kwenye kona ambapo ukuta unakutana na dari la nje. Kila mtu hupachagua hapo kwa sababu mvua haipafikii. Kwa picha ya usiku, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote penye nyumba yako, na wezi huja usiku.

Mwongozo huu ni wa kamera za kebo, zile zinazopata umeme na kutuma picha kwa waya mmoja wa mtandao (PoE). Nyumba ninayoifikiria ni ya kawaida ya kwetu: kuta za tofali za saruji, kenchi za mbao, bati, fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) pembeni, dari la nje la jipsamu au plastiki, na upenu wa sentimita 60 hivi. Kamera za Wi-Fi sizizungumzii sana. Nyingi nazo zinahitaji waya wa umeme, na kuta mbili za tofali zinatosha kuikata picha saa unayoihitaji.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupanda ngazi

Kamera. Chukua zenye alama ya IP66 au IP67, yaani zisizopitisha vumbi wala maji, za megapikseli 4 kama mfuko unaruhusu. Zile zenye umbo la jicho la mpira lisilo na kikombe cha kioo mbele (tareti) ndizo ninazozipenda kwa upenuni. Zile za kikombe (domu) hushika umande na vumbi kwenye kioo, na kioo hicho hurudisha mwanga wa kamera ndani ya lenzi. Zile ndefu kama tochi (buleti) zinafaa, ila buibui hupenda kutega utando kwenye kofia yake.

Kebo ya mtandao, Cat5e au Cat6, ya shaba tupu. Nitaieleza kwa kirefu hapo chini kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Swichi ya PoE na rekoda (NVR), au rekoda yenye matundu ya PoE nyuma yake. Hakikisha swichi imeandikwa 802.3af au 802.3at. Swichi zinazosukuma umeme bila kuulizana kwanza na kifaa huweza kuunguza kamera.

Diski ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera. Diski ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandika usiku na mchana bila kupumzika.

Kisanduku cha nyuma ya kamera kwa kila kamera, cha plastiki au alumini, kisichopitisha maji. Watu wengi hukiruka ili kuokoa pesa. Usikiruke. Ndani yake ndimo unamofichwa muunganiko, na mwiba mkubwa wa kamera za nje ni muunganiko uliolowa.

Vichwa vya RJ45 (plagi za mwisho wa kebo ya mtandao), koleo la kuvibana, na testa ya kebo. Testa ndogo ya taa nane inatosha.

Paipu za umeme za plastiki na vibanio vyake, kwa sehemu zote ambazo kebo itaonekana nje au itapita juu ya dari.

Keekee ya umeme, biti ya zege ya milimita 6, biti ndefu ya milimita 10, fisha (zile plastiki zinazoshika skrubu ukutani), na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, skrubu ya kawaida huanza kulia kutu na kuchora mistari ya kahawia ukutani. Hewa ya chumvi haina huruma.

Silikoni ya nje, utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ubao au plaiwudi ya milimita 18, ngazi imara, na mtu wa kukushikia ngazi. Huyo wa mwisho ni sehemu ya orodha.

### Kuitambua kebo ya shaba

Madukani kuna kebo nyingi ambazo waya wake ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Kwa macho zinafanana. Alumini ina ukinzani wa umeme kama mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo umeme unapungua njiani. Mchana kamera inatumia umeme kidogo na inawaka vizuri. Giza likiingia taa zake za usiku zinawaka, mahitaji yanapanda, umeme unaofika hautoshi, kamera inazima. Taa zikizima umeme unatosha tena, inawaka. Inaendelea hivyo hadi asubuhi, na mwenye nyumba anarudisha kamera dukani wakati kosa ni la waya.

Omba kipande cha kebo kabla ya kununua boksi zima. Kwaruza waya mmoja kwa kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani, ile ya bandia inageuka kuwa ya fedha. Kisha uweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Waya mwembamba wa alumini unalegea na kukatika, shaba inawaka nyekundu na kubaki. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo, nenda duka linalofuata.

## Hatua ya 1: Tembea nyumba kama mwizi

Usianze kwa kuuliza "kamera nne niziweke kona zipi." Anza kwa kuuliza mtu anapitia wapi. Geti, mlango wa mbele, mlango wa jikoni, na lile eneo la nyuma karibu na tangi la maji ambalo halionekani kutoka barabarani. Kamera inakaa mahali ambapo mtu *lazima* apite, huku uso wake ukiielekea.

Kisha pima umbali. Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4, toleo la 2015, kinataka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha ili uweze kumtambua mtu usiyemjua. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2560 kwa upana, kwa hiyo picha isizidi upana wa mita 10 mahali anaposimama mtu huyo. Kwa lenzi ya milimita 2.8, inayoona karibu nyuzi 100, upana huo unafika ukiwa mita 4 tu mbele ya kamera. Kamera ya megapikseli 2 inaishia mita 3 na kidogo.

Mita 4 ni chache kuliko watu wanavyodhani. Kamera ya milimita 2.8 iliyofungwa nyumbani haitakupa sura ya mtu aliye getini mita 15 mbele. Itakuonyesha kwamba kuna mtu. Ukitaka sura ya getini, tumia lenzi ya milimita 12 au zaidi kwa kamera hiyo moja, au isogeze karibu na geti. Kwa mlango wa mbele na baraza, 2.8 ndiyo yenyewe.

Kimo kizuri ni mita 2.5 hadi 3. Chini ya hapo mtu anaifikia kwa mkono. Juu ya hapo unarekodi kofia. Kamera ikiwa mita 3 na mtu yuko mita 4 mbele, inamtazama usoni kwa mteremko wa nyuzi kama 19. Ukiipandisha hadi mita 5 kwenye ghorofa, mteremko unazidi nyuzi 40 na kapelo inafunika macho yote.

Angalia na jua. Kamera inayotazama mashariki moja kwa moja itapofuka asubuhi, ya magharibi itapofuka jioni. Kama huna njia nyingine, upenu utakusaidia kukinga, na tafuta kamera yenye WDR ya kweli, inayosawazisha mwanga mkali na kivuli.

Umefanikiwa ukiwa na mchoro wa nyumba kwenye karatasi, kila kamera ikiwa na namba, inachotazama, na urefu wa kebo hadi kwenye rekoda. Hakuna kebo inayozidi mita 100, hata ukiongeza zile za kupanda na kushuka.

## Hatua ya 2: Ziwashe zote mezani kwanza

Unganisha kamera zote kwenye swichi, ukiwa umekaa, kwa kebo fupi. Badilisha nenosiri la kila kamera na la rekoda. Usiache lile la kiwandani hata kwa siku moja: mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka vifaa vingi sana duniani, kamera na rekoda zikiwemo, kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Sasisha programu ya kamera sasa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ni afadhali kamera iwe mezani kuliko juu ya ukuta.

Ipe kila kamera jina linaloeleweka: GETI, JIKONI, NYUMA. Bandika jina hilo pia kwenye kamera yenyewe kwa utepe. Funika lenzi kwa kiganja uone taa za usiku zinawaka rangi nyekundu hafifu. Kama kamera ni mbovu, utajua hapa, na bado iko kwenye boksi lake na risiti iko mfukoni.

Umefanikiwa picha zote zikionekana kwenye rekoda kwa wakati mmoja, kwa saa moja, bila hata moja kupotea.

## Hatua ya 3: Jaribio la usiku, kabla ya kutoboa tundu lolote

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kamera ya usiku hubeba taa zake zenyewe za infraredi. Mwanga huo macho yetu karibu hayauoni, lakini kamera inauona kama tochi. Ukiibana kamera sentimita tano chini ya dari jeupe, nusu ya mwanga huo unapiga dari, fishabodi na ukuta wa pembeni, kisha unarudi kwenye lenzi. Kamera inaona kitu kinachong'aa sana mbele yake, inapunguza mwanga wa picha nzima ili kisiungue, na ua wako unabaki giza. Kwenye skrini unaona mstari mweupe juu, kama ukungu, na chini yake weusi.

Jirani yangu alikuwa na kamera ya namna hiyo juu ya mlango wa stoo. Nilipanda ngazi saa mbili usiku nikaishikilia kwa mkono, yeye akiangalia simu chini. Nikaishusha kiganja kimoja. Akasema, "Naona ukuta." Nikaishusha kiganja kingine. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Naona hadi kamba ya kuanikia." Kamera ilikuwa ile ile. Sentimita 20 tu.

Fanya hivyo hivyo nyumbani kwako:

1. Subiri giza la kweli. Zima taa zote za nje.
2. Unganisha kamera kwa kebo ndefu ya muda inayopita dirishani.
3. Ishikilie mahali ulipochora kwenye mchoro, msaidizi akiangalia picha kwenye simu au skrini. Anayepanda ngazi usiku avae taa ya kichwani, na ngazi ishikwe na mtu wa tatu.
4. Ishushe polepole, kisha isogeze nje kuelekea ukingo wa upenu, hadi ule weupe wa juu upotee.
5. Mwambie mtu atembee kutoka getini hadi mlangoni. Simamisha picha akiwa mita 4. Je, unamtambua?
6. Weka alama kwa penseli.

Kwa upenu wa sentimita 60, mara nyingi jibu huwa moja ya haya mawili. Ukutani, sentimita 25 hadi 30 chini ya dari, kamera ikiinamia chini nyuzi 20 hivi. Au kwenye ukingo, nyuma ya fishabodi, kamera ikining'inia chini ya usawa wa ubao huo ili usiwepo kabisa ndani ya picha. Napendelea ukutani. Kamera bado inakingwa na mvua na jua la mchana, skrubu zinashika kwenye tofali, na kebo inaingia ndani moja kwa moja.

Angalia vilevile vitu vidogo vilivyo karibu: bomba la gata linaloshuka, nondo za dirisha, tawi la mwembe, kamba ya nguo. Chochote cheupe au cha bati kilicho ndani ya mita moja kinafanya kosa lile lile la dari.

Umefanikiwa ukiwa na alama ya penseli na picha ya usiku iliyohifadhiwa kwa kila sehemu. Kama huna picha ya usiku, hujamaliza hatua hii.

## Hatua ya 4: Pitisha kebo

Chagua asubuhi. Kufikia adhuhuri nafasi iliyo chini ya bati ni tanuri, na mtu aliyezidiwa na joto hukanyaga vibaya. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kupanda juu ya dari, maana nyaya za taa mara nyingi zimelala huko bila paipu. Kanyaga kenchi tu. Jipsamu haikubebi.

Kabla ya kuweka mkono upenuni, angalia nyigu. Hujenga kwenye kona zile zile tunazofungia kamera, na kung'atwa ukiwa ngazini ni hatari kuliko umeme wa kamera wenyewe.

Kebo ipite ndani ya paipu tangu inapotoka kwenye rekoda hadi kwenye kisanduku. Sababu ni panya. Nimekuta kebo ya mita 40 imetafunwa mahali pamoja, upana wa kidole, na hakuna njia ya kupaona kutoka chini. Paipu pia inaiepusha kebo kugusa bati lenye moto.

Iweke kebo mbali na nyaya za umeme, angalau sentimita 20, na pale ambapo lazima zikutane zipishane kama msalaba. Usizilaze pamoja kwenye paipu moja hata kama nafasi ipo.

Toboa tundu la milimita 10 kutoka nje, ukiielekeza biti juu kidogo kuelekea ndani. Kwa mteremko huo maji yakiingia tunduni yatatoka nje yenyewe, hayatafuata kebo hadi sebuleni. Pitisha kebo bila kichwa cha RJ45, utakibana baadaye, la sivyo utalazimika kutoboa tundu kubwa bila sababu. Acha mita 1 ya ziada upande wa kamera na mita 2 upande wa rekoda.

Sasa bana vichwa, lakini upande wa kamera kivae kwanza kwenye kebo kile kifuniko cha plastiki kilichokuja na kamera (Hatua ya 6). Mpangilio ni huu, klipu ikiwa chini na midomo ya shaba ikikutazama juu, kutoka kushoto: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe sawa. Ganda la nje la kebo liingie ndani ya kichwa, libanwe pamoja nacho, vinginevyo uzito wa kebo utaning'inia kwenye waya nane nyembamba.

Umefanikiwa testa ikiwasha taa 1 hadi 8 kwa mfuatano pande zote mbili, kwa kila kebo. Taa moja ikiruka, kata kichwa ubane upya. Usiseme itafanya kazi tu. Itafanya kazi wiki mbili.

## Hatua ya 5: Funga kisanduku, kisha kamera

Ukutani: toboa kwa biti ya milimita 6, kina cha sentimita 4 hadi 5, puliza vumbi litoke, ingiza fisha, kaza skrubu. Tofali likiwa na uwazi ndani, fisha itazunguka bila kushika, kwa hiyo sogeza kisanduku sentimita chache hadi upate sehemu nzima.

Kwenye dari la nje: jipsamu na plastiki hazishiki kitu. Nimeona kamera ikining'inia kwa waya wake baada ya upepo wa usiku mmoja. Panda juu ya dari, laza kipande cha plaiwudi ya milimita 18 kutoka kenchi hadi kenchi, kifunge kwa skrubu, halafu skrubu za kisanduku zipite kwenye dari hadi ndani ya ubao huo.

Paka silikoni juu na pembeni mwa kisanduku, pande tatu. Acha upande wa chini wazi. Hata kisanduku kizuri hupata unyevu ndani, nao unahitaji njia ya kutoka. Ukiziba pande zote nne umetengeneza bakuli.

Umefanikiwa ukiweza kuning'iniza uzito wa kilo mbili tatu kwa mkono kwenye kisanduku bila kutikisika.

## Hatua ya 6: Unganisha na zuia maji

Kamera nyingi huja na kifuniko kidogo cha plastiki chenye mpira, cha kuvaa kwenye RJ45. Watu hukitupa pamoja na boksi. Kivae kwenye kebo *kabla* ya kubana kichwa, kisha kikaze. Juu yake zungushia utepe wa mpira unaojishika, ukiuvuta hadi urefuke mara mbili, kuanzia kwenye kebo kuelekea kwenye kamera.

Kebo inayoingia kwenye kisanduku kutoka nje lazima ishuke chini kwanza, kisha ipande kuingia. Ule mteremko kama tabasamu ndio unaoyadondosha maji chini. Wakati wa masika mvua ya upepo inafika upenuni, usidanganyike na ukame wa Januari.

Umefanikiwa kamera ikiwaka, na ukimwagia kisanduku maji kwa ndoo kutoka juu, ukakifungua, ndani pakavu.

## Hatua ya 7: Lenga

Legeza skrubu za kamera, mwache msaidizi aangalie picha. Weka anga kidogo sana juu, kwa sababu anga jeupe linafanya nyuso ziwe nyeusi. Mtu aliye mlangoni aonekane kuanzia kichwani hadi miguuni, akiwa katikati.

Ua wa jirani na madirisha yake yasiwemo. Kama yanaingia, tumia kifuniko cheusi kilicho kwenye mipangilio ya kamera. Ni haki yake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Mimi humwita jirani aje aone skrini mwenyewe. Kamera inayomtia shaka jirani inakupotezea mlinzi bora uliyekuwa naye.

Rudi usiku huo huo ulinganishe na picha ya Hatua ya 3.

## Hatua ya 8: Rekoda, diski na saa

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu menyu za rekoda zinafanana. Chagua H.265, njia ya kuibana video ichukue nafasi ndogo. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde bila kukoma inakula gigabaiti 43 kwa siku. Nne zinakula 173, kwa hiyo diski ya terabaiti 2 inakupa siku 11 na kidogo. Ukitaka zaidi, shusha hadi megabiti 2 au rekodi pale tu panapokuwa na mwendo.

Weka saa iwe GMT+3 na ijirekebishe yenyewe kupitia intaneti. Rekoda itaandika 02:15 wakati sisi tunasema saa nane na robo usiku. Ukienda polisi, andika zote mbili kwenye maelezo, maana tofauti ya saa sita imeshaharibu ushahidi wa watu.

Usifungue milango ya ruta ili kuona picha ukiwa mbali, na zima UPnP, inayoruhusu vifaa kuifungua milango hiyo vyenyewe. Tumia programu ya simu ya kamera zako kwa nenosiri refu.

Rekoda isikae sebuleni chini ya televisheni. Mwizi akiingia anaichukua na ushahidi wote unaondoka naye. Iweke kwenye kabati lenye kufuli na matundu ya hewa. Kama kamera zako zina nafasi ya kadi ndogo, weka kadi kwenye ile ya mlangoni iwe nakala ya pili.

## Hatua ya 9: Umeme ukikatika

Kamera nne usiku hutumia wati 25 hivi, rekoda na diski yake 15, ruta 10. Jumla wati 50. UPS ndogo ya mezani ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi, na nyingine zinapotelea kwenye kugeuza umeme. Itakubeba saa moja au chini ya hapo. Inatosha kwa mkatiko mfupi, na inazuia diski kuharibika kwa kuzimika ghafla.

Kama kwenu umeme hukatika usiku mzima, betri ya volti 12 na ampea-saa 100 pamoja na inveta, ukiitumia nusu tu ili idumu, itakubeba saa 10 hivi. Swichi, rekoda na ruta vyote viwe kwenye betri hiyo. Kukisahau kimoja ni kuvisahau vyote.

Kwa wa kando ya Ziwa Viktoria, ambako radi ni nyingi: weka kinga ya radi kwenye kila kebo inayotoka nje, na mwite fundi umeme aiunganishe na ethi ya nyumba. Kinga isiyounganishwa na ethi haikingi chochote.

## Hitilafu zinazorudi, na pa kuanzia

Kamera inazima kila giza likiingia. Kebo ya alumini, au kichwa kilichobanwa vibaya. Ijaribu kamera kwa kebo fupi kabla ya kuilaumu.

Ukungu mweupe usiku, mchana safi. Rudi Hatua ya 3. Kama kamera ni ya kikombe, futa kikombe kwanza, kisha angalia kama mpira wa ndani unaozunguka lenzi umegusa kioo kama unavyotakiwa.

Picha inapotea mvua ikinyesha, inarudi jua likiwaka. Maji kwenye muunganiko. Ukiona rangi ya kijani kwenye midomo ya shaba, kata kichwa, bana kipya, funga upya.

Simu inalia usiku kucha kwa "mwendo" na hakuna mtu. Buibui. Wadudu wanaoruka karibu na kamera humvuta buibui, naye hutega utando mbele ya lenzi. Kwenye picha uzi mmoja unaonekana kama kamba nyeupe nene inayocheza. Njia iliyonisaidia zaidi ni kuweka taa ya nje ya kawaida mita mbili kutoka kwenye kamera, ili wadudu wakusanyike huko. Usipulize dawa ya wadudu kwenye lenzi, inaacha mafuta.

Kila mwisho wa mwezi chukua kitambaa laini kilicholowa maji, kifunge kwenye fagio refu, ondoa utando, futa kioo. Kisha kaa kwenye rekoda, chagua siku yoyote ya wiki iliyopita, saa nane usiku, ucheze dakika mbili za kila kamera. Ukiona ua wako, geti lako, na paka anayekatiza, zima skrini ukalale.